Binti yangu alipotakiwa kurudishwa darasa la nne Kismayu, nami nikaishia tuisheni

Salaam wakuu, na hasa nyie wazazi mnaosaini ripoti za watoto bila kuzisoma. Nilikuwa mwenzenu.

Haya ninayoandika yamenikuta mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na nilipoaibika nimeacha vilevile.

Mimi ni Mbajuni, asili yangu kisiwa cha Chula, kazi yangu kutengeneza mashine za boti hapa Kismayu. Nilikaa Mombasa miaka mingi na familia, kisha tukarudi nyumbani. Binti yangu Rukia alikuwa amemaliza darasa la sita kule, na alikuwa mkali. Hesabu alikuwa anatafuna.

Hapa nikampeleka shule ya jirani, akaingizwa la saba. Nikajua kazi imekwisha.

Muhula wa kwanza ukaisha, ripoti ikaja. Hisabati kumi na moja kwa mia. Sayansi tisa. Kisomali walichora mstari tu, nadhani mwalimu alimwonea huruma.

Wakuu, nilichofanya hapo sijivunii. Nilimwita mbele ya mama yake nikamwambia, "Kumbe nimelea mjinga."

Alichukua ripoti, akaikunja vizuri, akaingia ndani.

Kesho yake mwalimu mkuu akaniita. Mzee mpole, ana ndevu zilizopakwa hina. Akaniambia mtoto arudi darasa la nne. Rukia ana miaka kumi na tatu na ni mrefu kama mlingoti. Angekaa na watoto wanaomfika kiunoni.

Nikamuuliza, "Maalim, kwani nyie mnafuata mtaala gani?"

Nilitegemea jibu la sentensi moja. Nikapewa darasa. Shule yake inafuata mtaala wa taifa, vitabu vya Kisomali. Shule ya mtaa wa pili inafundisha kwa Kiingereza, ila ada yake mimi siiwezi. Ya karibu na msikiti mkubwa, masomo mengi ni Kiarabu. Na hata hapo kwake, mtoto akifika sekondari anahamia Kiingereza.

Yaani mtoto anapewa nafasi ya kufeli kwa Kisomali kwanza, akishazoea anapelekwa kufeli kwa Kiingereza.

Sasa hapa nieleze kitu. Kisomali mimi nakijua, lakini changu ni cha sokoni na bandarini. Naweza kununua petroli, kugombana na kuomba msamaha. Rukia alikulia Mombasa, hata hicho hana. Nyumbani tunasema Kibajuni.

Nikamwomba mwalimu mkuu orodha ya mada za la saba. Akanipa karatasi nne. Nikaenda nazo karakana, nikaziweka kando ya madaftari ya Rukia ya Mombasa, nikamwita muuza vipuri jirani yangu anisomee maneno magumu.

Tulikaa mpaka adhuhuri. Tukikuta neno saddexagal, kumbe ni pembetatu. Tukikuta jajab, kumbe ni sehemu, nusu na robo. Mimi jajab nilikuwa nalijua kama vipande vya kitu kilichovunjika, nalisikia kila boti ikigonga mwamba.

Karibu mada zote mtoto alikuwa ameshasoma. Alikuwa anafeli lugha, si hesabu.

Nikarudi kwa mwalimu mkuu na karatasi zangu zina mafuta ya mashine. Akasikiliza, akasema, "Muhula mmoja. Akipita nusu kwenye hisabati na sayansi, anabaki la saba. Asipopita, usije tena na karatasi."

Basi nikaanza kutafuta mwalimu wa tuisheni. Wa kwanza nilimpata kwenye bango. Lilisema anafundisha hisabati, fizikia, kompyuta, Kiingereza cha kuongea na Qur'ani. Nilipaswa kujiuliza, mtu mwenye elimu yote hiyo anakosaje kazi? Sikujiuliza.

Alikuja na tai. Akafundisha wiki tatu, mke wangu akiwa kando. Anaongea Kisomali kwa kasi, Rukia anatikisa kichwa. Nikafurahi.

Siku moja nikamuuliza Rukia, "Umeelewa nini mpaka sasa?"

Akasema, "Nimeelewa kwamba akisema ma fahantay, niitikie haa."

Kwa wasiojua, huyo mwalimu alikuwa anauliza "umefahamu?" na mtoto alikuwa anasema "ndiyo". Wiki tatu.

Nikamshukuru mwalimu na tai yake, tukaachana.

Jioni hiyo bibi yake Rukia akapiga simu kutoka Chula. Akasema mtoto aende akae naye, kwani kusoma ni lazima? Nikageuka kumwambia Rukia, nikamkuta anapanga nguo kwenye begi.

"Acha niende, Baba," akasema. "Mimi ni mjinga, ulisema mwenyewe."

Nilikaa kitandani kwake kama mtu aliyepigwa.

Mke wangu ndiye aliyempata Mwalimu Habiba. Mwanamke wa watu wa Chovai, kisiwa kingine cha kwetu Wabajuni, anafundisha watoto wadogo shule nyingine, Kibajuni chake safi na Kisomali chake cha kitabuni. Akaja, akampa Rukia maswali kumi ya hisabati, akimsomea kwa Kibajuni. Rukia akapata tisa.

Habiba akanigeukia. "Baba Rukia, mchu huyu si mjinga. Nani alomwambia ni mjinga?"

Mke wangu akaniangalia. Nikaangalia dari.

Basi kila siku baada ya alasiri wakawa na daftari la safu tatu: Kisomali, Kiingereza, Kibajuni. Na Habiba akatoa sharti, baba naye akae asome, ili nyumbani mtoto awe na wa kuongea naye Kisomali. Nikakaa. Mtihani wa kwanza nilipata nne kwa ishirini. Rukia ndiye aliyenisahihishia, kwa kalamu nyekundu, bila huruma.

Muhula ukaisha. Hisabati sitini na nne. Sayansi hamsini na nane. Kisomali thelathini na moja.

Mwalimu mkuu akasoma mara mbili. "Kisomali bado."

Nikamwambia, "Bado, maalim. Hata mimi."

Akacheka, akamwacha la saba.

Tukiwa njiani nikamwambia Rukia, "Mwanangu, nilikuita mjinga. Nisamehe."

Akasema, "Uliniita mbele ya mama. Niombe msamaha mbele ya mama."

Tukafika nyumbani, nikamwita mke wangu, nikaomba. Nimefungua mashine nyingi zilizoganda kwa chumvi, hakuna iliyokuwa ngumu kama hiyo.

Nilichojifunza: kabla hujamhukumu mtoto, iombe shule orodha ya mada na ujue anafundishwa kwa lugha gani. Mwalimu wa tuisheni mpime kwa kumuuliza mtoto, usimpime kwa tai.

Waliohamisha watoto mtaala mmoja kwenda mwingine, nyie mlifanyaje? Na mkishamaliza, semeni pia kama mliwahi kumwomba mtoto msamaha. Nasoma kila jibu.