Bangili Iliyozama Iyula

Detekta yangu, mashine ya kutafutia vyuma vilivyofukiwa, niliinunua Tunduma, upande ule ambako malori hupanga foleni kusubiri kuvuka. Aliyeniuzia alikuwa Mzambia aliyechoka kubeba mzigo usiompa faida. Alinisalimu kwa lugha ya kwao, "Mulishani, boss," akaegemeza mashine kwenye gunia la karanga, akapitisha pete yake chini ya ile sahani ya mbele. Mashine ikalia. Nikamwomba arudie. Aliporudia mara ya nne nilikuwa nimeshaamua.

Niliacha shule darasa la sita. Tangu hapo nimesukuma mikokoteni mpakani, nimechemsha chumvi Ivuna, nimeosha mchanga wa dhahabu, na kila mahali nilikaa hadi nilipoelewa kazi inavyofanyika, kisha nikaondoka. Mashine hii ilinishika kwa sababu sikuielewa. Nilizika sarafu, misumari na vifuniko vya soda, nikajifunza sauti ya kila kimoja. Chuma kilikoroma, kikikatikakatika. Shaba ilitoa mlio mwembamba, mzima, kama mtu anayepiga mluzi akiwa mbali.

Mwanamke niliyemfanyia kazi ya kwanza ya majini alikuwa na kibanda cha chai Mlowo, karibu na wanunuzi wa mazao. Nilipita pale kunywa kikombe kimoja, nikabaki Mlowo miezi mitano.

"Kaka, unakunywa chai kama mtu anayesubiri gari," aliniambia wiki ya kwanza.

"Gari likija nitaliacha lipite."

"Wote husema hivyo. Halafu nabaki naosha kikombe."

Marehemu baba yake alifanya kazi kwenye migodi ya shaba ya Zambia, akarudi na waya wa shaba. Fundi mmoja wa Mbozi aliusokota, nyuzi tatu pamoja, ukawa bangili. Mama yake aliivaa siku aliyoingia kwa mumewe, na alipokuwa mgonjwa akamvisha binti. Mama akafa. Kwao Iyula, watu wakitoka makaburini hushuka kijitoni kunawa mikono kabla ya kuingia uani. Binti alikuwa amekonda kwa kuuguza. Akainama, akatia mikono majini, bangili ikateleza, ikaenda. Nyuma yake walikuwa wamepanga mstari watu wengi wanaosubiri kunawa, akaona aibu kutafuta bangili siku ya kumzika mama yake.

Nilipomwambia nataka kupeleka posa kwa kaka yake, alifuta meza iliyokuwa safi.

"Nitafutie ile bangili kwanza," akasema. "Sitaki kuingia nyumba nyingine na mkono mtupu. Ukiipata, siku hiyohiyo utume mshenga. Mvua zikianza hujaipata, nitakwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Dada yangu ameniwekea meza sokoni."

Ilikuwa Julai. Nilihamia Iyula kwa kaka yake, mkulima wa kahawa, mtu mcheshi, aliyeanza kuniita shemeji kabla sijafungua begi.

Maji ya kijito yalifika magotini, lakini maji mafupi yana adabu zake. Sahani na waya wake havidhuriki vikilowa. Kisanduku chenye betri na vitufe kikilowa kimekufa. Nilikifunga kifuani kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikauzungusha waya kwenye mti wa mashine ukabana, maana waya ukicheza majini mashine hulia uongo. Nilivua mkanda wenye kifungo cha chuma. Hedifoni nilivaa sikio moja, lingine nikaliachia mto. Nilianzia chini nikipanda, ili tope nililovuruga lichukuliwe nyuma yangu. Nilitega kamba toka ukingo hadi ukingo, nikaifuata nikipeleka sahani taratibu, kila mpito ukifunika nusu ya mpito uliotangulia. Mashine ikilia, napita tena kwa kukata msalaba, nachomeka kijiti, kisha natia kichoteo changu: debe la mafuta ya kula nililolitoboa kwa msumari na kulipigilia kwenye mpini wa jembe.

Siku ya kwanza kaka yake alisimama ukingoni akinitazama kwa muda mrefu.

"Shemeji," akasema, "mto umepata wa kuupigia deki."

Mashine ililia kila hatua. Wazee wa Mbozi walifua chuma tangu zamani, wakajenga tanuru karibu na maji, na takataka zake, mavi ya chuma, mazito na meusi kama makaa, zilijaa kwenye kile kijito. Mchimba dhahabu yeyote angefanya nilichofanya: nilizungusha kitufe cha kunyamazisha chuma. Kukawa kimya kitamu. Nilitembea ndani ya kimya kile wiki tatu, nikapata sarafu mbili, ganda la risasi na kijiko.

Jioni moja nilizika sarafu chini ya donge la mavi ya chuma, uani, nikaipitisha mashine. Kimya. Nikatoa donge, sarafu ikaimba. Nikaelewa kwamba mashine iliyofundishwa kutosikia chuma haisikii na kilicholala ubavuni mwa chuma. Kesho yake nilirudisha kitufe, nikaanza upya kutoka chini, nikitoa kila kipande kwa mkono.

Kila Jumapili baada ya ibada yule mwanamke alikuja kutoka Mlowo. Alikunja gauni, akaingia majini, akawa anapokea mavi ya chuma kutoka kwenye debe na kuyatupa ukingoni. Maji ya Mbozi mwezi wa Julai yanauma mifupa. Midomo yake ilikauka, akacheka.

"Wenzangu wanachumbiwa kwa khanga. Mimi nachumbiwa kwa mavi."

"Ya chuma," nikasema.

"Unadhani nikisimulia kanisani nitafafanua?"

Nilimvisha hedifoni akajifunza. Baada ya Jumapili mbili alitofautisha msumari na sarafu vizuri kuliko mimi. Nilimwonyesha lile ganda la risasi, lilivyotoka kijani kibichi kama ukungu wa mkate. Nikamwambia shaba au ndugu yake yeyote akilala majini hutoka hivyo, na rangi ile ndiyo hati yake ya kusafiria. Alilishika, akalikwaruza kwa ukucha, akasema, "Kwa hiyo ya mama ni ya kijani sasa." Alisema polepole, kama mtu aliyeambiwa ndugu yake ameota mvi.

Tulikula viazi vilivyochomwa juu ya jiwe, miguu ikikaushwa na jua. Kabla ya hapo sikuwahi kukaa mahali nikaisubiri siku fulani ya wiki. Pale nilihesabu Jumatatu, Jumanne, nikijua ninakwenda wapi.

Niliipata Jumatano, mwezi wa tisa. Ilikuwa nyuma ya jiwe kubwa, hatua nane chini ya pale wanaponawia, imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi chini ya mchanga, kati ya madonge mawili. Niliposikia ule mluzi nilizima mashine kabla hata sijachota. Ilitoka kijani, nyuzi tatu zimeshikana.

Nilipaswa kwenda shambani kumwita kaka yake. Niliiweka mfukoni.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilimtaka yule mwanamke. Hilo sikuwa na shaka nalo. Lakini nilipoishika bangili niliona nyumba, shamba, kikombe changu chenye mahali pake rafuni, na miguu yangu ikaogopa kabla yangu. Nikajiambia, Jumapili moja tu. Nikapeleka sahani mahali nilipokwisha kupapita, naye akapokea mavi ya chuma, akacheka. Nikajiambia, moja nyingine. Usiku na mchana kidole gumba changu kilikuwa mfukoni kikiisugua.

Jumapili ya tatu mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Mbozi. Alisimama majini akayatazama.

"Yakianguka, mto utabeba kila kitu," akasema.

Hofu yangu ikageuka, sasa nikaogopa mvua na Nakonde. Nikamwambia mashine imelia, nikainama, nikaitoa bangili mfukoni, nikaificha mkononi, nikatumbukiza debe, nikalipandisha. Juu ya mchanga ilikuwepo bangili. Kaka yake, ukingoni, akapiga kofi mapajani. "Shemeji, mbuzi wangu amekwisha kufa leo."

Mwanamke aliichukua kwenye debe. Hakuivaa. Aliigeuza mara moja, mara mbili. Nyuzi tatu ziling'aa kama zimetoka kwa fundi asubuhi ile.

"Umeipata lini?"

"Leo, si umeona."

"Umeipata lini?"

"Jumatano."

"Jumatano ipi?"

Kaka yake aliacha kucheka. Nilisema ni ya wiki tatu nyuma. Nilitaka kusema na mengine, kuhusu Jumapili, kuhusu miguu yangu, lakini maneno yaliyokuwa mazuri kichwani yalionekana ya mwizi.

"Nimeokota mavi kwenye maji haya," akasema, bila kupandisha sauti, "na wewe ulikuwa unanitazama."

"Niliogopa ikiisha kazi—"

"Nilikwambia ikipatikana utume mshenga. Umenijibu wiki tatu zilizopita, basi tu sikuambiwa."

Aliivaa. Ikakaa vizuri, alikuwa amenenepa kidogo tangu msiba. Akapanda ukingo, akafungua gauni alilokunja, akashika njia. Kaka yake alinisaidia kukunja kamba. Hakuniita shemeji, wala hakunitukana, akaniuliza tu kama nitakula kabla ya kuondoka.

Yule mwanamke alikwenda Nakonde kabla ya mvua. Nami nimezunguka sana tangu hapo, ila kila mara narudi Tunduma, na nikiwa pale husimama njia ya waendao kwa miguu, nikitazama mikono ya wanawake wanaovuka na mizigo kichwani. Mkono ulioinuliwa kushika mzigo huonyesha kila kilichovaliwa. Nimeona saa, shanga, vikuku vya mpira. Ningemwona, sidhani kama ningemwita. Ningetazama tu kama bado anaivaa.

Mashine ninayo bado. Watu huniita nikawatafutie pete na funguo mitoni. Nikipata kitu, natoka majini nacho kilivyo, na tope lake na ukijani wake, nawapelekea nikiwa bado nimelowa.