Chupa ya Gazi Niliyoiita Tupu

Aibu hii imenikaa kifuani tangu juzi, acha niitoe. Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Rumonge. Kufungua na kukaza ndiyo kazi yangu. Mama mukwe anaishi milimani Bururi, kwenye baridi kali, na kifua kinamsumbua. Nikamnunulia hita na chupa ya gazi, nikampelekea mwenyewe.

Kilango cha chupa, ile koki ya kufungulia gazi, kiligoma kuzunguka. Nikakishika kwa koleo, nikakizungusha kwa nguvu zangu zote. Hita haikuwaka.

"Tumeibiwa, mama," nikasema. "Mzee Nasoro ameniuzia chupa tupu."

Siku mbili alikaa ndani ya blanketi akikohoa. Ya tatu tukashuka wote Rumonge na ile chupa, yeye awe shahidi wangu. Dukani nikapiga kelele mbele ya wateja: "Mwizi! Unauzia wagonjwa hewa!"

Mzee Nasoro alijaribu kufungua chupa kwa mkono, ikamshinda. "Nani amekaza hivi?"

"Mimi, fundi!"

"Ulizungusha upande gani?"

Nikamwonyesha kulia. Akachukua koleo, akazungusha kushoto. Gazi ikafoka, harufu ikatupiga puani, naye akafunga haraka.

"Mutoto wangu, iko imejaa. Ulikuwa unaifunga."

Wateja walicheka, na wawili kati yao huniletea pikipiki zao. Mama mukwe hakucheka. Alimwinamia yule mzee, akaniombea msamaha kama mtu anayemwombea mtoto aliyevunja sahani ya jirani:

"Mutubabarire, baba."