Sarakasi Yangu Bomani kwa Bwana Ojwang

Jamani, haya sijawahi kumwambia hata mke wangu. Mpaka leo nikiyakumbuka nikiwa naoga, naacha sabuni nashika kichwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, mimi Mutua, kijana wa Machakos, karani wa kupiga taipu, nikapelekwa Kisumu kwa majaribio ya miezi mitatu. Wenzangu Nairobi walinipa pole kama mtu aliyefiwa, eti huko ni joto na mbu tu, mtu hapelekwi Kisumu ila amekosana na wakubwa. Nilifika nimenuna. Lakini ule mji ulinishika! Unashuka barabara kuu chini ya miti, unapita maduka ya Wahindi, mara ziwa hilo mbele yako, kubwa, halina ng'ambo, na mama anayekaanga samaki wa ngege anakuuliza nyumbani hawajambo (na hata hakujui!). Kila nikipata nafasi niko nje, natembea, natazama. Nikaanza kumwomba Mungu nisirudishwe. Wa kuamua alikuwa mkubwa wangu, Bwana Ojwang, mtu mpole aliyenilaza kwenye nyumba yake ya mjini wiki tatu nilipokosa chumba. Barua ya kunibakiza aliahidi kuiandika Jumatatu.

Ijumaa Bwana Ojwang hakuja kazini, nami (hapa ndipo nilipojiroga) nikatoroka saa nzima kabla ya ofisi kufungwa, nikaangalie meli ikitia nanga. Kumbe huku nyuma wenzangu wa ofisi waliitwa, wakapewa habari, wakapangana kwenda mahali kesho yake. Mimi niko gatini nashangaa meli.

Jumamosi natembea njia ya Dunga, nasikia pembe, filimbi, ngoma, halafu vumbi! Ng'ombe wanakuja mbio, nyuma yao wanaume wamejifunga majani mwili mzima, mikuki juu, wanaimba kwa nguvu zao zote. Nikasema hii ni arusi, na arusi ya Kisumu haiwezi kunipita. Nikavunja matawi, nikajifunga juu ya koti, nikaingia katikati. Mzee mmoja akanipiga bega, "Omera, ndugu yangu, umekuja? Umefanya vizuri sana." Basi nikajiona mwenyeji kabisa.

Tukaingia bomani. Sasa mnajua sisi Wakamba na ngoma, miguu ilikuwa inaniwasha tangu barabarani. Nikapita mbele ya watu wote, nikabinuka hewani mara moja, nikabinuka mara ya pili, nikatua juu ya udongo laini, mikono juu, nikapaza sauti:

"Hongera! Bwana arusi yuko wapi?"

Ngoma ikakatika. Nikatazama chini. Udongo ulikuwa mbichi, umerundikwa, una msalaba, na kiatu changu kimoja kimezama. Pembeni wamama wamekaa chini wamejifunga leso, wenzangu wa ofisi wamesimama na suti zao, na mbele yao, kwenye kiti, Bwana Ojwang, macho mekundu. Wale wanaume walikuwa wakifukuza kifo kilichomchukua baba yake. Huko mzee husindikizwa hivyo, kwa kelele na ng'ombe, na mimi miezi mitatu nimetazama ziwa, sijauliza mtu anazikwaje.

"Mutua," akasema polepole, "shuka kwa baba yangu."

Nilishuka. Niliomba ardhi ipasuke inimeze, halafu nikakumbuka niko wapi, nikaacha kuomba.

Aliporudi kazini alinipa barua mkononi mwenyewe. Ilikuwa ya kunirudisha Nairobi. Nililia mbele yake, yaani nililia kweli, nikamwambia Mzee nisamehe, huu mji naupenda.

"Nilishakusamehe," akasema. "Najua hukukusudia. Lakini mama yangu ananiuliza kila siku yule mtu alikuwa nani, na mimi nimemwambia simjui. Sasa nikae na wewe vipi?"

Nilifunga sanduku langu nikaenda stesheni, na ziwa sikulitazama. Tangu siku hiyo ngoma ikinipita barabarani mimi husimama kando, kofia mkononi, uso chini, hata kama ni ya arusi.