Nilivyomrudisha Mwalimu Mkuu Kidato cha Pili

Alhamisi moja muhula huu, mwalimu mkuu wetu aliacha kuwa mwalimu. Alirudi kidato cha pili na kupangiwa zamu ya vyoo.

Mimi ndiye niliyemrudisha. Sikumgusa hata ukosi wa shati.

Naitwa Yahye, mtoto wa Eldas, nasoma bweni hapa Garissa.

Kompyuta zote za shule yetu zinatumia mfumo mmoja, na kila mtu ana kundi lake. Kundi la walimu hufungua mitihani. Sisi wa kidato cha pili tuna folda yetu, na mwalimu haruhusiwi kuichungulia. Mwalimu Jatani wa kompyuta alipanga hivyo ili tuandike bila woga.

Tuliandika bila woga, wallahi.

Sasa, mwalimu mkuu, Mwalimu Duale, hakuna gwaride alilomaliza bila kusema, "Mimi nilipokuwa kidato cha pili..." Alisoma kwa koroboi. Alikunywa chai bila sukari. Nikaona mzee anazikumbuka sana siku zile, nimsaidie.

Adhana ya adhuhuri ikalia. Hapa kwetu adhana ikilia unaacha ulichoshika. Mwalimu Jatani akaenda kutia udhu, kompyuta yake, kama kila siku, ikabaki wazi kwa jina lake.

Nikaketi. Nikamtoa Duale kundi la walimu, nikamtia letu. Kisha nikakimbilia msikitini na kuwahi rakaa ya pili, uso umejaa unyenyekevu.

Orodha ya zamu hujipanga yenyewe kutoka kwa majina ya kundi. Ijumaa asubuhi ilibandikwa: "Vyoo, Jumamosi: Salah, Duale."

Rafiki yangu Salah aliisoma akaketi chini.

"Warya, wewe, nimepangiwa vyoo na mwalimu mkuu. Nani atashika ndoo?"

"Wewe. Mzee ana mgongo."

Shule ilicheka mpaka mpishi akatoka jikoni na mwiko.

Kicheko changu kiliisha saa nne. Mwalimu mkuu alikuwa ameshindwa kufungua mitihani, na mfumo ulisema aliyemhamisha ni Jatani. Jatani ni mwalimu wa mkataba. Bodi ikikasirika, hana kazi.

Nilimkuta anatoa vitu kwenye droo.

"Unaenda wapi, macallin, mwalimu wangu?"

"Huenda nikarudi Wajir kuchunga, Yahye. Wewe endelea na zoezi la jana."

Hakuniuliza lolote. Afadhali angenichapa.

Na mimi nilijua la kwangu. Aabo, baba yangu, aliniambia nilipoingia kidato cha kwanza kwamba siku nitakayofukuzwa, ngamia wake hawatauliza cheti.

Nilizunguka ofisi ya mwalimu mkuu mara tatu. Ya nne nikaingia.

"Macallin, ni mimi."

Hakushtuka. Aligeuza kompyuta yake, nikaona mchoro wangu: ngamia mwenye miwani, amegoma kupanda lori soko la mifugo. Chini yake: "Mwalimu Mkuu. Mchoraji: Yahye. Leo adhuhuri namrudisha kidato cha pili, mtaona."



"Ulinitia kundi lenu," akasema taratibu, "kwa hivyo naiona folda yenu. Nimeisoma tangu saa nne."

"Na Mwalimu Jatani?"

"Anajua. Ile droo alikuwa anaipangusa vumbi. Tulitaka kuona kama utakuja kwa miguu yako."

"Na nisingekuja?"

"Lori la Eldas linaondoka Jumapili."

Akamtazama yule ngamia tena. "Shingo umeipatia," akasema.

Sasa nina kundi langu peke yangu. Ruhusa yake ni moja: kusoma orodha ya vyoo. Jina lililomo ni langu mpaka muhula uishe.

Lakini adhabu yenyewe ilikuwa Jumamosi ile. Nilikuwa nasugua, nikasikia viatu. Mwalimu Duale, mikono ya shati imekunjwa, ufagio begani.

"Niko kwenye orodha," akasema. Akaanza kufagia. "Mimi nilipokuwa kidato cha pili..."

Saa mbili nzima, ndugu zangu. Salah alitoroka na ndoo.

Kwa hivyo mwalimu, adhana ikilia, funga kompyuta kwanza. Mungu atakungoja dakika moja. Na wewe mtundu mwenzangu, kabla ya kumwingiza mtu kwenye kundi lako, kumbuka unampa na ufunguo wa kabati. Ondoa ngamia kwanza.