Matairi Yenye Meno

Mume wangu alitaka vipara. Nilimwona mjinga, na sikumficha. Dereva wa lori alikuwa ametuletea habari kutoka Bafwasende kwamba mama yangu amevimba mguu mpaka nyonga, aletwe upesi hospitali ya Kisangani. Mvua zilikuwa zimeigeuza barabara ile uji, na pikapu yetu ilikuwa imesimama uani juu ya mawe kwa kukosa matairi.

Muuzaji alikuwa na ya namna mbili. Kwanza vipara, matairi yaliyokwisha meno, yakachongwa mistari kwa kisu cha moto na kupakwa rangi ya viatu. Nilikwaruza kwa ukucha nikaona nyuzi. Halafu mapya, yenye meno mapana ya kula tope, vile vinywele vya mpira bado vimesimama ubavuni. Nilitia kidole kati ya meno, kikazama mpaka kwenye kiungo.

"Mama, tukamate ile ya kuchonga," mume wangu alininong'oneza. "Mipira muzuri itatuletea matata. Bakubwa banaangaliaka."

"Papa, mama yangu iko anakufa, na we unaogopa macho ya batu?"

Tukachukua yenye meno. Alipomaliza kuyafunga, aliyapaka yote manne matope kwa mikono, kama mtu anayekandika nyumba. Nilimcheka sana.

Alipokwenda kutafuta esansi ya kutia kwenye tangi kwa safari, nilichota maji nikaosha gari lote. Kwetu mama hafuatwi kwa gari chafu. Watu wa Bafwasende wangesema nini juu ya binti aliye mjini? Na niseme ukweli, nilitaka pia majirani wa mtaa wetu wa Tshopo waone. Nilisugua hadi yale meno yakang'aa.

Nilikuwa kwenye tairi la mwisho alipopita mkubwa mmoja wa chama, na abakosti yake, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, imepigwa pasi vizuri. Akasimama, akaniita mwananchi kwa Kifaransa cha chama.

"Citoyenne, hii gari iko na nguvu. Chama iko na lazima nayo. Bon, siku tatu tu."

Mgeni wa serikali angeteremka Bangboka, na wacheza ngoma wa chama wa kumlaki walihitaji gari la kuwafikisha uwanja wa ndege. Njia nzima ya lami! Nilipiga magoti katika maji yale machafu, nikamweleza habari za mama yangu. Alinipa pole, kisha akamtuma dereva wake kuchukua ufunguo. Pikapu ilipokata kona nilijua kwamba sitamwona mama tena.

Kizuri chajiuza, husema watu. Katika Zaire yetu kilijipeleka chenyewe, bila hata kuuzwa.

Pikapu ilirudi siku ya kumi, ikitembea juu ya vipara vinne. Mume wangu alivitazama, akaenda kutafuta pampu ya kuvijaza upepo. Mpaka leo natamani angenitukana. Tuliondoka navyo hivyo hivyo, tukawa tunakwama, tunakata matawi, tunasukuma, tunakwama tena. Tulifika Bafwasende siku ya tano, udongo wa kaburi ukiwa bado haujakauka. Kaka yangu alinieleza kwamba kila asubuhi mama alitaka avalishwe kitenge chake cha safari na kubebwa hadi kando ya barabara. Kila motokari iliposikika alisema, "Ile iko ya mutoto yangu."

Kiangazi kilipofika, niliyakuta matairi yale sokoni Tshopo, chini ya gari la yule mkubwa. Niliyajua, kwa kuwa hakuna gari lingine mtaani lililokuwa na meno kama yale. Niliinama nikatia kidole. Kilizama mpaka pale pale kwenye kiungo, na nilipokitoa kilikuwa kisafi, hakina hata chembe ya tope.