Gemu ya Jua Haikuangusha Nyumba

Nilikuwa nimelala kifudifudi, zege limenikalia mguu, vumbi la saruji limejaa mdomoni. Shingo haigeuki. Mbele yangu giza tupu. Sauti ya rafiki yangu ikatoka kushoto, karibu kabisa, kama mtu aliye nyuma ya pazia.

"Buda, uko?"

"Niko."

"Gemu iko?"

Nilitaka kumtukana. Nyumba nzima imetuangukia na huyu anauliza gemu. Lakini ilikuwa zamu yangu siku hiyo, na nikaisikia mfukoni, inanichoma mbavu.

"Iko."

"Iwashe. Ipeleke nyuma yako, ishike huko kidogo, halafu irudishe uangalie bunduki ya mchezo. Ikinywa jua, kuna tundu."

Nikafanya hivyo. Mkono wa kulia ulikuwa huru. Nikaipeleka juu ya kiuno, nikairudisha: bunduki tupu. Nikaipeleka nyuma ya bega: tupu. Nikaipeleka nyuma ya kisogo mpaka bega likalia, nikairudisha, na kwenye kile kioo kidogo bunduki ilikuwa na jua kidogo, kama ukucha.

"Imekunywa!"

"Basi chimba huko, mzee. Chimba."

Nilichimba na kipande cha nondo bila kuona ninachochimba. Nikakitoa nje, nikagonga mabati, watu wakasikia. Walinivuta na mguu ambao tangu siku hiyo si mguu tena. Niliwaambia, yuko mwingine, kushoto. Walipomfikia alikuwa ameacha kuongea.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Sijui kupanga maneno kama wakili. Lakini kuna uongo unaotembea kutoka Kawangware mpaka Kibera, na ninaandika ili niukanyage.

Gemu yenyewe rafiki yangu aliinunua soko la Toi, kwenye rundo la midoli ya mitumba. Ndogo, ya kukunja, maandishi yake Kijapani mwanzo mpaka mwisho. Baadaye akapata na kaseti ya pili, ndugu ya ile ya kwanza. Ndani kuna kijana anawinda wanyonya damu kwa bunduki inayopiga jua. Na si jua la kuchorwa. Kaseti ina kijicho cha kioo, na kijicho hicho lazima kione jua hili letu, la Mungu, ndio bunduki ijae.

Yeye hakujua. Chumba alichoishi na mama yake, Makina huko Kibera, hakina dirisha, kama vyumba vya wengi wetu. Alicheza wiki nzima akiuawa na mashetani, akaipeleka kwa fundi wa simu, akamwambia bunduki imekufa. Fundi akaifungua, akaifunga, akamwambia hana cha kutengeneza. Akatoka nje na hasira, gemu mkononi bado inawaka, na pale barabarani, saa sita, bunduki ikajaa yenyewe. Alirudi kwa fundi akicheka mpaka fundi akamfukuza.

Akajaribu kuidanganya na balbu. Tochi. Hata moto wa mtu wa kuchomelea mageti. Wapi.

Kwa hivyo huko mjengo, kwenye ghorofa tuliyokuwa tunajenga mtaa wa Kawangware 46, tulikotembea pamoja kila asubuhi, saa ya chakula kila mtu alitafuta kivuli na yeye alitafuta jua. Mama wa githeri, aliyetuuzia mahindi na maharagwe, alimsumbua sana.

"Mzee mzima na ndevu, unaanika mdoli!"

"Mama, si mdoli, ni silaha. Usiku mashetani wakija kwako utanipigia simu."

"Wakija kwangu nitawapa githeri, watakimbia wenyewe."

Mwishowe wote tuliicheza kwa zamu. Wanaume wenye wajukuu, tumeinama juu ya kitu kidogo kuliko sabuni ya kufulia.

Siku hiyo, saa ya chakula, tulikuwa tumekaa orofa ya pili, penye nafasi ya dirisha, mahali jua linaingia. Tumekaa. Mtu asiniambie tuliruka. Juu yetu kulikuwa na slabu mbichi, sakafu ya zege, haijamaliza hata wiki, imeshikiliwa na miti. Lori likaja. Mwenye ploti, yule tuliyemjengea, alikuwa na mjengo mwingine karibu na soko, na huko miti ilikuwa haitoshi. Msimamizi akapanda na vijana wa lori, wakaanza kuigonga miti yetu itoke.

Rafiki yangu akapaza sauti, "Mkubwa, hiyo slabu haijashika!"

Msimamizi akajibu kutoka ngazini, nasikia mpaka leo, "Wewe cheza gemu yako."

Tukasikia kitu kama kitambaa kinapasuka. Ndivyo ilivyokuwa.

Walimzika siku ileile kabla ya magharibi, maana watu wake ni Wanubi wa Makina, Waislamu, na hawalazi maiti. Mimi sikuwepo, nilikuwa hospitali. Nikiwa kitandani nikasikia redio ya jirani. Mwenye ploti anaongea, sauti ya pole kama ya mtu wa kanisa. Anasema wafanyakazi waliacha kazi, wakapanda juu kucheza gemu, wakarukaruka, nyumba ikashindwa. Lori hakulitaja. Miti hakuitaja.

Na maneno hayo yamemfikia mama wa rafiki yangu. Nilipoweza kutembea na magongo nilimwendea. Akanikaribisha, akanipa chai.

"Mwanangu, ni kweli alikuwa anacheza? Wanawake hapa msikitini wananiambia ameua watu."

Nikamwambia hapana, Mama, hakuua mtu, walitoa miti ya slabu. Nikamwonyesha gemu. Aliipima kiganjani, akasema, "Hii?" Kisha akaiweka kwenye rafu.

Mkaguzi wa majengo, wewe uliyechora X nyekundu ya kusimamisha ujenzi ukutani, ukaingia kunywa chai ya mwenye ploti, na kesho yake ukuta ukapakwa rangi: ulikuwa unajua. Msimamizi, ulisikia ukionywa ukatoa mzaha. Na wewe mwenye ploti, jina lako silitaji kwa sababu 46 yote inakujua: miti ile ilipakiwa kwa amri ya nani?

Usinijibu mimi. Nenda Makina, kwa yule mama. Nenda mchana, mlango ukiwa wazi na majirani wakisikia, uingie kwenye chumba kile kisicho na dirisha umwambie kwa mdomo wako ni nani aliyemuua mwanawe. Gemu iko pale kwenye rafu. Ichukue, uipime mkononi, halafu urudie mbele yake yale uliyosema redioni.