Bwana Nusu na Chumba cha Taka za Mionzi

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alikuwa mtu wa kuchosha. Miaka ishirini na sita alitunza ufunguo wa chumba kimoja hospitalini, chumba cha taka za mionzi, na habari nyingine ya mjini hakuwa nayo. Wagonjwa wa tezi walinyweshwa dawa ya mionzi; glavu, vikombe na karatasi zao zikatiwa mifukoni, zikaandikwa tarehe, zikafungiwa humo siku themanini mpaka nguvu ya dawa ipungue. Ukimsalimu tu, anakuanza: "Siku nane, nguvu inabaki nusu. Siku nane nyingine, nusu ya ile nusu." Hata msibani kwa mjomba alimweleza mfiwa! Ndiyo maana tukamwita Bwana Nusu.

Basi tukaletewa mkuu mpya wa kitengo, kijana wa tai, mwenye vyeti vingi hata saa ya ukutani ikakosa pa kukaa. Akakitamani kile chumba kiwe ofisi yake ya kupokelea wageni. Asubuhi moja akatusimamisha koridoni, mbele ya chumba hicho, mimi na mdogo wangu, sote wafagizi.

"Mama zangu, itoeni ile mifuko, mkaitupe jalalani."

"Haijafika siku themanini, mkubwa," Bwana Nusu akadakia kutoka mlangoni, ufunguo mkononi.

"Themanini za nini? Siku nane za kwanza nusu imekwisha, nane za pili nusu ya pili imekwisha. Leo ya kumi na saba. Hesabu ya mtoto hiyo!"

Jamani! Mimi niliishia darasa la saba, lakini hapo nilitazama dari nisije nikacheka.

"Imebaki karibu robo, mkubwa," shemeji akasema. "Na robo hiyo unataka kumkumbatisha mke wangu."

"Unanifundisha kazi? Fungua, au kesho usije."

Shemeji alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu. Mdogo wangu akamfinya ubavuni. "Baba watoto, mfungulie tu, nitabeba."

"Hubebi."

Hilo ndilo neno fupi kuliko yote niliyopata kumsikia. Akafungua mlango, akasogea pembeni.

"Karibu, mkubwa. Kama imekwisha, mfuko wa kwanza beba wewe. Ukumbatie vizuri, usichanike."

Mkuu akautazama mfuko, akaitazama tai yake, halafu akaangalia saa. "Nina kikao," akasema, akaondoka kwa mwendo wa mtu anayekimbia huku hataki ijulikane.

Wiki iliyofuata tangazo likabandikwa: kwa agizo la mkuu wa kitengo, taka zisiguswe kabla ya siku themanini. Sahihi yake ilikuwa kubwa kuliko maneno. Bwana Nusu naye akahamishiwa getini, akainue na kushusha kizuizi.

Siku ya themanini kipimo cha mionzi kilipitishwa juu ya mifuko, kikatulia. Mdogo wangu akaipakia kwenye toroli, akasukuma hadi getini. Mumewe akainua kizuizi nusu, akakizuia hapo.

"Umevaa glavu?"

"Nimevaa, baba watoto. Hebu nipishe."